Mwaka mzima wa sanaa skulini: kazi zifuate upepo na mvua

Mpango wa mwaka wa idara ya sanaa, kwa skuli za Unguja na Pemba, haufai kupangwa kwa kufuata sura za kitabu tu. Udongo, karatasi, gundi na miyaa, yaani majani makavu ya kusukia, vyote vinasikia hewa. Chungu kilichofinyangwa Aprili hakikauki. Mchoro wa rangi za maji uliofanywa Mei hujikunja na kuota ukungu kabatini, na ukindu (majani ya mkindu) unaosukwa Februari bila kuroweshwa vya kutosha hupasuka mkononi. Kazi hizo hizo zikisogezwa miezi michache mbele au nyuma hufanyika bila taabu. Kwa hiyo tunaanza na kalenda, halafu tunaingia kwenye kazi zenyewe na vipimo vyake.

Vipimo vilivyomo humu ni vya darasa la wanafunzi 45 wenye vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani kama dakika 80, mara moja kwa wiki. Darasa likiwa kubwa zaidi, usipunguze kipimo cha kila mtoto. Gawa darasa makundi mawili, moja lichore huku jengine likifanya kazi ya mikono, wiki inayofuata wabadilishane.

Kalenda kwanza

Chukua karatasi moja ya manila kabla ya skuli kufunguliwa Januari, ichore miezi 12, na uijaze kwa mpangilio huu.

Anza na misimu. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, kuna joto na jua kali. Masika huingia Machi na kuendelea hadi Mei. Kusi huvuma Juni hadi Septemba, hewa ni kavu na upepo una nguvu. Vuli huanza Oktoba hadi Disemba, mvua yake ni ya vipande vipande.

Kisha weka Ramadhani. Kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11, kwa hiyo mpango wa mwaka uliopita hauwezi kutumika ulivyo. Kazi inayohitaji moto, kubeba mizigo au kukaa juani iondoe kabisa katika mwezi huo.

Halafu weka mitihani. Wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba, na kuanzia Septemba akili zao ziko huko. Kwa skuli za Pemba ongeza msimu wa karafuu, maana watoto wengi husaidia nyumbani kuchuma na kuanika. Msimu haufunguki tarehe moja kila mwaka, hivyo waulize wazee wenye mashamba, usikisie.

Mwisho, andika ni nani mwengine anayetumia chumba. Skuli nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na chumba cha sanaa ni chumba cha kila mtu. Kazi isiyoweza kuhamishwa ndani ya dakika tano itaharibiwa, si kwa ubaya bali kwa sababu mkondo wa mchana nao unahitaji madawati. Tafuta kreti za soda zilizoachwa, plaiwudi chakavu za kuwekea kazi mbichi, na kamba ya kuanikia iliyofungwa juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika.

Januari na Februari: tengeneza rangi jua likiwa kali

Jua la kaskazi ni la kukaushia. Huu ndio wakati wa kutengeneza rangi za udongo zitakazotumika mwaka mzima, na gharama yake ni ndogo. Udongo mwekundu ambao wakulima wa Unguja wanauita kinongo hutoa rangi nzuri ya ngeu. Tafuta pia udongo wa manjano au wa kahawia sehemu zinazochimbwa visima na misingi ya nyumba. Omba ruhusa ya mwenye shamba kwanza.

Ponda kilo 2 za udongo, utie kwenye ndoo yenye maji lita 5. Koroga kwa nguvu, kisha acha kwa sekunde 30 hadi 60 tu: mchanga na vijiwe huzama, rangi hubaki inaelea. Mimina haraka maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili ukipitisha kwenye kitambaa chepesi. Mashapo ya ndoo ya kwanza yatupe. Acha ndoo ya pili hadi kesho yake. Maji ya juu yatakuwa maangavu, yamwage polepole. Tope laini lililobaki tandaza kwenye sinia, anika siku mbili juani, saga kwa kinu au chupa, halafu hifadhi ukiwa unga mkavu kwenye kopo lenye mfuniko. Unga mkavu hukaa bila kuoza. Rangi iliyokwisha kuchanganywa na gundi huganda na kutoa harufu.

Siku ya kutumia, changanya vijiko 2 vya unga, kijiko 1 cha gundi nyeupe ya mbao na kijiko 1 cha maji. Paka kidogo kwenye karatasi, subiri ikauke, kisha isugue kwa kidole. Ikitoka mkononi kama vumbi, gundi ni kidogo. Ikimeta na kupasuka, umepaka nene mno au gundi imezidi.

Rangi nyeusi itokane na masizi au makaa yaliyosagwa. Masizi yana mafuta, hivyo huelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo humaliza tatizo. Nyeupe chukua kwenye vipande vya chaki. Chokaa ya ujenzi watoto wasiiguse, kwa sababu inaunguza ngozi na macho. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza siku ya kwanza, lakini jua huifuta haraka. Itumie kwa mazoezi tu, usiitie kwenye kazi ya maonyesho.

Wakati unga unakauka, watoke nje wachore. Wapeleke saa moja au saa mbili asubuhi, kabla vivuli havijafupika. Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, una milango ya kuchonga ya kutosha kila mwanafunzi apate wake. Wasichore mlango mzima kipindi cha kwanza. Mpe kila mmoja sehemu moja: kipande cha mfaa, ambao ni ule ubao wa katikati, au kizingiti cha juu, au msumari mmoja wa shaba na duara la mbao linalouzunguka. Anayepewa mlango mzima huchora mstatili na nukta. Anayepewa kipande cha mfaa cha urefu wa kiganja hulazimika kuangalia jani linavyojikunja na nyororo inavyopita juu na chini. Skuli zilizo mbali na mji zichukue ngalawa, mashua zilizopandishwa pwani, au mnazi kuanzia kwenye shina.

Mwezi wa Ramadhani: nyota ya ncha nane

Kazi ya mwezi huu iwe ya kukaa kimya kivulini, isiyochafua mikono wala kuhitaji maji mengi. Hakuna inayofaa kuliko ruwaza za kijometri zinazoonekana kwenye misikiti, vibao na samani. Pia ni jibu zuri kwa familia ambazo hazipendi mtoto wao achore viumbe wenye roho. Msimamo huo uheshimiwe mwaka mzima: kila zoezi la kuchora mtu au mnyama liwe na mbadala wa mimea, vyombo au ruwaza, na mbadala uwe na alama zile zile.

Kila mtoto awe na bikari, rula, penseli ngumu iliyochongwa kali na raba. Fundisha hivi:

1. Chora duara la nusu kipenyo sentimita 6. Piga mstari wa mlalo unaopita katikati na kukata duara pande zote mbili.
2. Panua bikari izidi sentimita 6. Weka ncha kwenye alama ya kushoto, chora tao juu na chini. Fanya hivyo hivyo kwenye alama ya kulia. Unganisha mahali matao yanapokutana. Huo ndio mstari wa wima. Sasa una alama nne kwenye duara.
3. Kwa njia ile ile gawa kila pembe katikati, upate alama nane. Zipe namba 1 hadi 8.
4. Unganisha 1, 3, 5, 7 kuwa mraba wa kwanza. Unganisha 2, 4, 6, 8 kuwa mraba wa pili. Nyota imetoka.

Kabla ya kwenda mbele pima. Umbali kati ya alama mbili zinazofuatana lazima uwe sentimita 4.6, na upande wa kila mraba sentimita 8.5. Kama umbali wa mwisho ni 4.3 au 4.9, kosa halipo pale mwisho. Mara nyingi bikari imelegea kwenye bawaba na kufunguka wakati wa kuzungusha, au penseli imebutika na mstari umekuwa na unene wa milimita moja nzima. Kaza skrubu, chonga penseli, anza upya. Kurekebisha kwa kusogeza alama moja huharibu nyota zote zitakazofuata.

Wakishaiweza nyota moja, wapige viraba vya sentimita 6 kwenye karatasi ya A4, vitatu kwa vinne, na katika kila kiraba duara la nusu kipenyo sentimita 3. Alama nne za kwanza zikae katikati ya pande za kiraba, nyengine nne kwenye mistari ya pembe kwa pembe. Ncha za nyota zitagusana na nafasi zitakazobaki kati ya nyota nne zitajitengeneza zenyewe kuwa umbo la mikono minne yenye ncha. Hapa ndipo watoto wanapopata hamu. Waache wapake rangi mbili tu, moja kwa nyota na moja kwa nafasi. Rangi tano huificha ruwaza.

Masika: suka, usipake

Kuanzia mvua zinapokaza, weka kando rangi za maji, karatasi za kubandika na uji wa gundi. Ikibidi kutumia gundi ya unga wa muhogo, pika ya siku hiyo tu: vijiko 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji, ukoroge kwanza na maji baridi ndipo uweke motoni. Matone 3 au 4 ya mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu. Mwalimu ndiye ayatie, kwa sababu mafuta hayo yanawasha ngozi na yakiingia jichoni ni hatari.

Unyevu unaoharibu karatasi ndio unaolainisha ukindu na miyaa. Kwa hiyo masika ni msimu wa ususi. Ukindu hufaa kwa mikeka laini, miyaa kwa vikapu na majamvi. Nunua sokoni ikiwa imekaushwa, Darajani au kwenye masoko ya Chake Chake na Wete, au bora zaidi, kwa kinamama wa shehia yenu wanaosuka. Mwombe mmoja wao aje kufundisha vipindi vitatu na alipwe kama fundi. Mwalimu wa sanaa hata awe hodari vipi, vidole vya mtu aliyesuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utotoni vinaona kosa kabla halijatokea.

Kazi inayowezekana kwa muda uliopo ni kitanga kidogo cha mezani, sentimita 30 kwa 30. Ukili wenye upana wa sentimita 3 utahitaji urefu wa mita 3, lakini waambie wasuke mita 4, kwa sababu mishono hupandana na kona hula. Chane, yaani vipande vya majani vilivyochanwa, zote ziwe na upana mmoja, milimita 4 au 5. Chane pana ikichanganyika na nyembamba, ukili hujipinda kama upinde na hautakubali kushonwa ukalala. Rowesha kwa nusu saa, kung'uta, funika kwa kitambaa kibichi, toa chache chache.

Ukitaka rangi, chemsha chane kabla ya kusuka, si baada. Rangi ikitiwa kwenye ukili uliokwisha kusukwa haiingii kwenye makutano, na ukivutwa kidogo tu madoa meupe hutokea. Chemsha dakika 20 hadi 30, acha zipoe humo humo, suuza hadi maji yawe safi, anika kivulini. Jaribu chane mbili kwanza, maana nguvu ya rangi za madukani hutofautiana.

Kushona wape wakubwa wenye shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka. Wadogo waendelee na kusuka. Kazi zote zining'inizwe kwenye kamba kila mwisho wa kipindi, zisirundikwe kwenye kreti. Rundo la ukili mbichi huota madoa meusi, na madoa hayo hayatoki.

Kusi: udongo na moto

Huu ndio moyo wa mwaka wa idara, na ndiyo kazi inayoshindikana zaidi. Karibu kila mara inashindikana kwa sababu moja kati ya tatu: udongo wenye chokaa, ukaushaji wa haraka, au moto uliokuja kwa pupa.

Udongo. Visiwa vyetu sehemu kubwa vimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Chembe ya jiwe hilo, hata ndogo kama punje ya mchele, ikiwa ndani ya chungu na moto ukapanda kiasi cha nyuzi 800 au zaidi, hugeuka chokaa mbichi. Chungu hutoka motoni kikiwa kizima na kizuri. Baada ya siku chache chokaa hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kurusha kipande cha ukuta wa chungu. Ukitazama shimo lililobaki utaona kitone cheupe katikati. Walimu wengi hudhani watoto wamefinyanga vibaya, na watoto nao hukata tamaa bure.

Kwa hiyo pima kabla ya kuchimba. Chukua udongo mkavu uliopondwa, kijiko kimoja, tia siki au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, una chokaa, nenda kwengine. Wakulima wanaujua udongo mzito wa kunata wanaouita kinamo, wa mabondeni, nao ndio wa kuujaribu kwanza. Na usichanganye mchanga wa pwani kamwe, kwa sababu ni vipande vya makombe na matumbawe, yaani unatia tatizo kwa mkono wako mwenyewe.

Chimba kilo 40. Kaushe, ponda, rowesha siku tatu, pitisha kwenye kipande cha chandarua, acha utulie, mwaga maji ya juu, kisha tandaza tope juu ya magunia hadi liweze kushikika bila kunata. Utabaki na wa kutosha kumpa kila mtoto nusu kilo. Changanya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa hadi vilingane na mchanga: sehemu 1 ya vigae kwa sehemu 4 za udongo. Vigae hupunguza kusinyaa na huacha njia za mvuke kutoka.

Tengeneza kipande cha kujaribia, kirefu kama sentimita 12, ukikwaruze mstari wa sentimita 10 kamili. Kikikauka pima tena. Mstari ukiwa sentimita 9.2, udongo umesinyaa kwa asilimia 8, unafaa. Ukishuka chini ya 9, ongeza vigae.

Kufinyanga. Kwa mara ya kwanza chungu kisizidi ukubwa wa ngumi mbili. Ukuta uwe milimita 6 hadi 8 kila mahali. Apime kwa sindano iliyotiwa alama. Kitako ndicho kinachosahaulika: watoto hukiacha kinene kama kidole gumba, nacho hubaki kibichi wakati mdomo umeshakauka. Vishikio vikwaruzwe pande zote mbili, vipakwe tope la udongo ule ule, vibanwe. Kishikio kilichobandikwa bila kukwaruzwa kitadondoka kikikauka.

Kukausha. Hapa kusi, lililokuwa rafiki, linageuka. Upepo mkavu hukausha mdomo wa chungu kwa saa chache, mdomo husinyaa, kitako bado kimevimba, na ufa hushuka kutoka juu. Siku tatu za mwanzo funika kwa mifuko ya plastiki. Kisha vifunue ndani ya chumba, mbali na dirisha, kwa siku 7 hadi 10, vikigeuzwa kila siku. Mwisho viwe juani siku moja. Weka chungu shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Kuchoma. Chagua asubuhi mapema upepo ukiwa haujaamka, mahali palipo wazi, angalau mita 30 kutoka paa lolote la makuti na upande ambao upepo unaelekea mbali na nyumba. Cheche moja ya kuti likiwaka inafika mbali. Mjulishe mwalimu mkuu na sheha siku moja kabla. Weka ndoo nne za maji na mbili za mchanga. Kwenye moto awepo mwalimu na wanafunzi wakubwa watatu tu, bila mashungi yanayoning'inia wala kanzu. Wengine wakae mbali, wachore wanachokiona.

Panga vyungu kuzunguka moto mdogo, midomo ikitazama chini, kwa saa 1 hadi 2, ukivigeuza. Maji yaliyojificha ndani ya udongo hugeuka mvuke yakifika nyuzi 100, na mvuke usiopata njia hupasua chungu kwa mlio. Ukisikia mlio, punguza moto. Wala usiseme ni bahati mbaya, ni haraka. Vikishakuwa vya moto kiasi cha kutoshikika, tandika vifuu na makumbi unene wa shubiri moja, weka vyungu juu yake, zungushia vigae vikubwa, kisha funika kwa makumbi na makuti makavu. Washa kutoka upande unaokuja upepo. Ongeza makuti kila yanapoporomoka, kwa saa moja hivi. Kisha acha. Usifukue majivu hadi kesho yake, kwani hewa baridi ikigusa chungu chekundu hukipasua.

Vikipoa kabisa vitie kwenye beseni la maji kwa saa kadhaa. Kama kuna chembe za chokaa zilizobaki, maji hayo huzizima zote kwa pamoja kabla hazijavimba polepole. Halafu viweke rafu wiki mbili kabla ya kuvionyesha. Vyungu vya namna hii si vya kulia wala kunywea maji.

Wakati vyungu vinakauka: chapa za kanga

Siku kumi za kusubiri udongo zisipotee. Hewa ya kusi hukausha rangi ya kitambaa ndani ya saa moja, kwa hiyo ndio wakati wa kuchapa. Ndara zilizotupwa pwani ni mpira mzuri wa kuchonga chapa. Zioshe, zikate vipande vya sentimita 5 kwa 5, chora ua au kikorosho, chonga kwa wembe mpya kwa kina cha milimita 5, gundisha kwenye kipande cha mbao.

Kanga ina pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na ukubwa wake ni kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Kwa skuli tumia nusu ya kila upande: marekani, kitambaa cheupe cha pamba, ya sentimita 75 kwa 55. Hesabu inakaa vizuri hapo: chapa ya sentimita 5 inaingia mara 15 kwenye upande mrefu na mara 11 kwenye mfupi, jumla chapa 48 kuzunguka. Wapige viraba kwa penseli hafifu kwanza. Anayechapa kwa kukadiria hufika kona akiwa na nafasi ya nusu chapa.

Marekani ifuliwe kabla ili wanga utoke, la sivyo rangi hukaa juu na kufutika. Rangi iwe kama mtindi, ipakwe kwenye sponji, na chapa igusishwe kwenye sponji, isichovywe kwenye bakuli. Ikichovywa, mitaro hujaa na ua hutoka kama doa. Herufi za jina zichongwe kinyume. Wapewe wiki nzima kutunga maneno yao, na wasikopi kanga ya mama. Kesho yake pigeni pasi kwa nyuma, juu ya kitambaa kikavu, dakika 3 hadi 5.

Septemba: maonyesho

Fanyeni kabla ya vuli na kabla ya mitihani kubana. Siku moja ya Jumamosi inatosha, wazazi wakialikwa kupitia kamati ya skuli. Kuta za chokaa zinabanduka gundi ya karatasi, hivyo tungika kazi kwenye kamba na vibanio, katikati ya picha ikiwa sentimita 145 kutoka sakafuni. Kwa skuli ya msingi shusha hadi 120. Kila mtoto awe na kazi moja anayoichagua mwenyewe. Kando ya kazi iliyokamilika weka pia majaribio yake: nyota isiyofunga, chungu kilichoruka kipande. Mzazi akiona hatua, huacha kuuliza kwa nini mtoto arudi na nguo zenye tope.

Andika kwenye daftari kazi iliyochukuliwa, na nani, tarehe gani.

Vuli hadi kufunga skuli

Watahiniwa waachwe wasome. Madarasa mengine yarudi kwenye penseli: samaki sokoni, majani, mikono ya wenzao. Hewa ikiwa na unyevu tena, kila karatasi ya kuhifadhi iwekwe bapa kati ya mbao mbili, kwenye rafu iliyo sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani. Mchwa hupanda ukutani na hupenda boksi la karatasi kuliko kitu chochote, kwa hiyo usihifadhi ndani ya maboksi yaliyogusa sakafu.

Wiki ya mwisho osheni brashi kwa sabuni, zinyoosheni nywele kwa vidole na kuzilaza. Brashi iliyosimamishwa kwenye kopo kwa nywele zake haifai tena Januari. Unga wa rangi upimwe na kuandikwa uliobaki. Hesabuni bikari, zilizolegea zitengwe. Vigae vya vyungu vilivyopasuka vitieni kwenye gunia, ndivyo vitakavyotwangwa mwakani. Kisha toeni karatasi mpya ya manila na kuiandika Ramadhani kwenye nafasi yake mpya kabla hamjafunga kabati.